Mtu Aliyenyamaza Robo na Kasorobo

Kila saa ilipofika robo, na tena ilipofika kasorobo, alinyamaza kwa dakika tatu. Hakujali yuko wapi. Kwa kinyozi aliinua kidole, na kinyozi akazima mashine. Msibani alikatisha habari ya marehemu katikati, watu wakabaki wanamtazama mdomo, na dakika tatu zikiisha akaendelea na neno lilelile aliloliacha. Wageni walidhani ana ugonjwa. Sisi tuliokaa naye mtaa mmoja hapa Kilosa tulizoea, na baadhi yetu tukajikuta tunanyamaza naye. Mama yangu alikuwa wa kwanza.

Tulimwita Opareta. Jina lake ninalijua, ila binti yake ameniomba nisiliandike, nami namheshimu.

Alikuwa amefanya kazi katika kituo cha redio cha meli, Dar es Salaam, enzi ambazo meli zilizungumza na nchi kavu kwa alama za Morse, mlio mfupi na mlio mrefu. Kule, alinieleza, ilikuwa sheria ya bahari zote: robo na kasorobo, kila kituo na kila meli inaacha kutuma, kwa dakika tatu wote wanasikiliza tu, ili mwenye shida, hata sauti yake ikiwa dhaifu namna gani, asikike. Saa yake ya ukutani aliipaka rangi nyekundu ya kucha katika sehemu hizo mbili. Kituo kilifungwa, meli zikapata mitambo mingine inayozungumza na setilaiti, yeye akaendelea kusikiliza.

Mimi ni fundi cherehani. Darasa la saba nilimaliza, zaidi ya hapo sikwenda. Chumba alichopanga kiligusana na kibanda changu, kwa hiyo kwa miaka ishirini na miwili niliisikia sauti yake kuliko sauti ya mtu mwingine yeyote, ukimtoa mama. Naandika haya kwa sababu amekufa na mimi bado sijajua nimwekee kilio cha namna gani. Ni bora niseme mapema: marehemu kaka yangu Idi alikuwa opareta wa redio kwenye meli ndogo ya mizigo iliyozama na watu wake wote, na mzee huyu alikuja Kilosa kwa ajili hiyo. Undani wake hatukuujua. Tulidhani alikuja kutupa pole tu, kisha kama mstaafu akapenda mahali penye mto na treni.

Watu walimletea redio mbovu. Alizikataa zote.

"Mzee, wewe si fundi wa redio?"

"Mimi si fundi. Mimi ni msikilizaji."

"Sasa msikilizaji analipwa kwa kusikiliza?"

"Nililipwa miaka thelathini na mmoja. Peleka kwa fundi."

Alichokubali ni kuandikia watu barua, wale wasioiamini simu au wenye jambo zito la kuweka kwenye karatasi. Aliandika haraka sana, kwa herufi kubwa tupu, kwa sababu ndivyo walivyozoea kuandika wakipokea. Shida ni kwamba aliandika kama simu ya maandishi ya zamani, ile ya posta iliyolipiwa kwa kila neno. Bi Mwajuma, muuza mihogo wa mtaani kwetu, alimwelezea kwa nusu saa habari ya kumpelekea mwanawe aliyekuwa akikata miwa Ruhembe. Opareta akampa karatasi. Bi Mwajuma akanipa mimi nimsomee: MAMA MGONJWA MGUU. NJOO JUMAMOSI. LETA DAWA ILE.

"Ndiyo hiyo tu?" Bi Mwajuma akauliza. "Salamu ziko wapi? Mjomba wake yuko wapi? Nimekaa hapa mpaka makalio yameota ganzi."

"Mjomba hajambo," Opareta akasema. "Kama hajambo, hana haja ya kutangazwa."

"Baba, wewe ulioaje? Ulimwandikia NJOO JUMAMOSI?"

Alicheka mpaka akatoa miwani. Lakini hakuongeza neno kwenye barua. Alisema karatasi ni ya mambo uliyoyasikia na unayoyajua, basi. Kijana mmoja wa Rudewa alimwomba amwandikie kwamba aliona kwa macho yake ng'ombe wakiingia shamba la mjomba wake. Opareta akamuuliza kama aliwaona. Kijana akasema aliona nyayo. "Basi tutaandika nyayo," akasema, na kijana akaondoka kwa hasira kwenda kutafuta mwandishi mwingine.

Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa sababu ya vile visikizi vya kuvaa masikioni kazini. Ukitaka akusikie unakaa kulia. Hata hivyo alikuwa akisikia vitu ambavyo mimi sikuvisikia. Aliniambia sindano ya cherehani yangu imepinda kabla haijakatika. Alijua mke wangu amekasirika kwa namna alivyoweka sufuria chini. Na aliniambia kwamba maopareta walijuana kwa mkono. Mtu hujawahi kumwona, hujui sura yake wala kabila lake, lakini akigonga herufi tatu tu unajua ni nani. Alizigonga mezani kwangu kwa kucha, akaniigizia watu: huyu mzito, huyu mlevi, huyu ana haraka ya kwenda kula.

Ndivyo alivyoingia kwa mama.

Siku ya kwanza kabisa alipofika, kabla hata hajapanga chumba, alikuja nyumbani kwetu na mkoba mmoja akauliza kama ndiyo kwa kina Idi. Mama alimpa maji, akampa wali, na alipojua alikuwa mtu wa redio akaacha kula mwenyewe.

"Ulimfahamu mwanangu?"

"Sura sikuwahi kuiona, dada. Mkono wake niliufahamu."

"Ulikuwaje?"

"Mwepesi. Wa mtu msafi. Kabla ya herufi ya mwisho alikuwa anatua kidogo, kama mtu anayevua viatu mlangoni."

Mama alilia, na mimi nililia. Baadaye nilikuja kujua kwamba hakuna neno la uongo katika maneno hayo, na ndiyo sababu yamenichoma zaidi.

Inafaa nieleze mama alikuwa ameishije. Meli ilipopotea, walikuja watu wawili wa kampuni yenye meli, wakakaa kwenye mkeka wetu. Walisema imefanyika kamati ya uchunguzi, na daftari la kituo cha pwani limesomwa. Kituo kilisikiliza kila robo na kila kasorobo, na kila mara limeandikwa neno "kimya". Meli haikuita. Kwa kuwa kazi ya kuita ilikuwa ya Idi, ilionekana Idi hakuwa kwenye kiti chake. Hawakusema zaidi, ila Kilosa ilisema. Ilisema alilala. Wengine walisema alilewa, mtu ambaye hata togwa lililochachuka alilikataa. Siku moja sokoni, katika ugomvi wa nafasi ya kupanga nyanya, mwanamke mmoja alimwambia mama mbele ya watu, "Nenda kalale kama mwanao alivyolala." Mama alikusanya nyanya zake. Tangu siku ile hakulala mchana tena, hata alipokuwa na homa. Alikaa wima kitandani, akiegemea ukuta, macho wazi.

Alitaka jambo moja tu. Hakutaka fidia wala kaburi, kwa sababu bahari haitoi kaburi. Alitaka kujua kama mwanawe aliita.

Kila mwaka, mwezi ule meli ilipopotea, mama alimuuliza Opareta swali lilelile kwa njia nyingine. Mtu wa redio anaweza kupitiwa na usingizi upepo ukivuma? Betri zikilowa, je? Naye alijibu kila mara, "Idi hakuwa mtu wa kulala, dada." Mama aliondoka na hilo kama mtu aliyepewa chakula cha njiani. Mimi nilimpenda mzee kwa jibu hilo. Nilimshonea suruali mbili za kaki bila yeye kuniagiza.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alisisitiza ukweli hata uudhi, lakini hakuwahi kwenda msikitini Ijumaa bila kukaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu asiyealikwa. Aliwasikiliza watu vizuri kuliko shehe, lakini binti yake mwenyewe, aliyekuwa anaishi Mikumi, alinilalamikia kwamba baba yake hakuwahi kumuuliza jambo lolote. Alichukia simu ya mkononi. "Mtu anapiga mara kumi," alisema, "wala hajatulia kusikiliza hata mara moja." Halafu alikuwa na simu mbili, na zote alizichaji kila siku.

Pia alipenda kahawa. Ilipopita birika la muuza kahawa, vikombe vikigongana, alitoka mbio kwa umri ule. Nalitaja hili kwa sababu, baada ya kujua niliyokuja kuyajua, nilitegemea kukumbuka kwamba alikuwa ameacha kahawa. Ingependeza. Hakuacha. Alikunywa mpaka mwisho.

Mwaka jana, baada ya mvua, alianza kuvimba miguu. Binti yake alikuja kumchukua ampeleke kwake Mikumi. Siku moja kabla ya safari aliingia kibandani, akakaa, akaniomba nizime cherehani. Nilidhani ni kasorobo. Nikatazama saa, nikaona bado.

"Fundi, nikuambie kitu nilichokuja kukisema siku ile ya kwanza."

"Siku gani, mzee?"

"Siku niliyokula wali wenu."

Akaniambia. Kila baada ya zile dakika tatu, opareta alitakiwa kuandika katika daftari la zamu saa na alichosikia. Kwa kuwa mara nyingi hakusikia kitu, na kwa kuwa baada ya pale kazi ilimwagika ya kutuma na kupokea, wengi walizoea kuandika kabla. Saa inakaribia robo, mtu anaandika kwanza: nimesikiliza, kimya. Kisha ndipo anasikiliza. Ilikuwa tabia ya maopareta wazuri, si ya wavivu, kwa sababu mkono ulibaki huru kama kweli mtu angeita. Mchana mmoja alikuwa peke yake, mwenzake alikuwa mgonjwa. Iligonga saa tisa na robo kasoro dakika moja. Aliandika. Kisha akasikia vikombe vya kahawa nje ya dirisha, akavua visikizi, akatoka mpaka getini.

"Ulikaa muda gani?"

"Kikombe kimoja."

"Ni muda gani huo?"

"Niliporudi ilikuwa saa tisa na dakika kumi na tisa."

Tisa na robo ndiyo dakika ya kumi na tano. Dakika zote tatu zilikuwa zimepita.

Mchana huohuo, upande ule wa bahari, upepo ulibadilika. Meli ya Idi haikufika. Kamati ilipomwita, ilimwonyesha daftari, ikamuuliza kama huo ni mwandiko wake na kama alisikiliza. Alijibu ndiyo mara mbili.

"Kwa hiyo Idi aliita," nikasema.

"Sijui."

"Mzee."

"Sijui, fundi. Opareta mzuri, betri ikiwa inakufa, anangoja dakika zile, kwa sababu anajua dunia nzima imenyamaza kwa ajili yake. Idi alikuwa mzuri. Lakini sikuwepo. Sijui."

Sikumpiga. Naliandika hilo kwa sababu mkono wangu ulikuwa kwenye mkasi, na yeye aliuona. Nilimwambia atoke. Alitoka, na kesho yake sikwenda kumuaga. Mama alikwenda, akamfungia mihogo ya kuchemsha ya safari. Alirudi akaniuliza, "Mbona hukuja kumuaga mzee wako?" Nikasema nilikuwa na kazi za watu.

Nilikaa na habari hiyo wiki tatu. Ilikuwa habari ya mama kuliko yangu, na mimi niliifungia. Nilijiambia ni mzee, itamuua. Nilijiambia amezoea. Kisha nikagundua kwamba ninasema maneno ambayo Opareta lazima alijiambia kwa miaka ishirini na miwili, wali wa mama ukiwa tumboni mwake. Mama alikuwa amekaa wima ukutani, mchana, macho wazi. Nilimwambia asubuhi iliyofuata, yote, kwa mpangilio, kama nilivyoambiwa.

Hakulia. Aliuliza nauli ya Mikumi ni shilingi ngapi.

Tulipanda gari la asubuhi. Njia nzima, kuanzia kwenye mashamba ya mpunga ya Kilangali mpaka barabara kuu, mama hakusema kitu zaidi ya kuniambia nifunge dirisha kwa ajili ya vumbi. Binti ya Opareta ana nyumba ndogo nyuma ya barabara, anapika chakula cha madereva wa malori. Alitupokea vizuri, akatuletea viti. Hakujua lolote. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba barazani, miguu kwenye beseni.

"Shikamoo, mzee," nikasema. Sikutaka, lakini mtu hatembei safari ile yote akakosa adabu mlangoni.

"Marahaba, fundi." Akamtazama mama. "Shikamoo, dada."

"Marahaba," mama akasema, akakaa kulia kwake, upande wa sikio zima. Alikumbuka hata siku ile.

Opareta alimweleza mwenyewe, tena, bila kupunguza. Alitaja kahawa. Alitaja majibu mawili aliyoipa kamati. Alisema kituo kilishafungwa na madaftari hajui yaliko, kwa hiyo hakuna karatasi anayoweza kuifuta. Alisema yuko tayari kuletwa Kilosa, abebwe hata kwa kiti, aseme mbele ya watu baada ya sala kwamba yeye ndiye hakuwa kwenye kiti siku ile. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Hayo ya watu utayasema," mama akasema. "Sasa niambie mimi. Aliita?"

"Sijui, dada."

"Niambie aliita. Neno moja. Mimi nimebakiza siku ngapi?"

Nami nikadakia. "Mzee, utapungukiwa nini?"

Alitutazama mmoja mmoja. "Niliandika mara moja kitu ambacho sikukisikia," akasema. "Mnakijua kilichotokea. Nisiandike mara ya pili, hata kwa kumpendeza mama wa mtu."

Nilisimama ili tuondoke. Niseme ukweli, nilimchukia pale zaidi kuliko siku ya mkasi. Mama hakusimama. Malori yalikuwa yanapita, na kila moja likipita vyombo vya binti vilitetemeka kwenye kichanja. Kisha mama alinyoosha mkono wake wa kushoto, akaufungua, akauweka juu ya paja la mzee.

"Mtu akiita, anaita vipi? Nionyeshe hapa."

Opareta aligonga kwenye kiganja cha mama kwa ncha ya kidole. Tatu fupi, tatu ndefu, tatu fupi. Akaeleza kwamba inarudiwa mara tatu, kisha jina la meli.

"Na Idi, na ule mkono wake?"

Akagonga tena, nyepesi zaidi, akatua kidogo kabla ya mwisho. Mama alikuwa amefumba macho. Ilikuwa mchana, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona amefumba macho mchana tangu nikiwa kijana.

"Akimaliza kuita anafanya nini?"

"Anasubiri ajibiwe."

"Basi mjibu."

"Dada, sikumsikia."

"Sijasema ulimsikia. Nimesema mjibu."

Mama hakusema kwamba amemsamehe, wala siku ile wala baada ya hapo, wala alipoletewa habari ya kifo chake miezi miwili baadaye, kabla mzee hajapata nguvu za kuletwa Kilosa kusema mbele ya watu. Sitamsemea. Baada ya mazishi nilisimama mimi msikitini nikasema kwa niaba ya mzee, na binti yake akiwa nje uani akisikiliza, na watu walipokea kila mtu kwa namna yake.

Lakini siku ile, pale barazani, mzee alijibu. Aliinama mpaka paji la uso likakaribia mkono wa mama. Aligonga jina la meli mara tatu, akagonga jina la kituo mara tatu, polepole, kama mwanafunzi. Katikati akakosea. Akagonga fupi nane mfululizo, ambazo aliniambia kwa sauti ya chini ndiyo namna yao ya kusema nimekosea. Mama hakuondoa mkono. Akaanza upya.